Saa moja na dakika kumi na mbili: uchambuzi wa nusu marathoni moja ya mwambao

Ujumbe wa mwisho ambao waandaaji walitutumia kwenye kundi la WhatsApp, siku mbili kabla ya mbio, ulisema kwamba wakimbiaji wa kilomita 21 wataondoka saa 12:00 kamili asubuhi, wa kilomita 10 saa 12:30, na wa kilomita 5 saa 1:00. Tuliondoka wote kwa pamoja, wa 21, wa 10 na wa 5, saa 1:12. Karibu kila kilichoharibika siku ile, kuanzia maji hadi njia hadi medali, kinaweza kufuatiliwa nyuma mpaka kwenye hiyo saa moja na dakika kumi na mbili, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa badala ya kulalamikiwa tu. Mji sitautaja, wala kamati. Itoshe kusema ni mji wa mwambao wa Tanzania, na ilikuwa mwezi Februari, mmoja wa miezi yenye joto kali zaidi katika pwani yetu.

Nilifika uwanjani muda mfupi baada ya adhana ya alfajiri, pamoja na wenzangu saba wa kikundi chetu cha mbio. Upepo wa baharini ulikuwa bado na ubaridi kidogo, na mtu aliyepanga mbio zianze saa 12:00, kabla jua halijachomoza, alikuwa anaijua pwani vizuri, kwa sababu mkimbiaji wa kawaida anayemaliza kilomita 21 kwa saa mbili na robo angekuwa anavuka mstari wa mwisho saa 2:15, kabla jua halijaanza kuuma kweli. Naomba msomaji aliweke hilo akilini: mpango wa kwanza haukuwa mbaya. Tulipewa namba za kifuani na pini tatu kila mmoja badala ya nne, jambo dogo ambalo nisingelikumbuka kama kona moja ya namba yangu isingenipigapiga tumboni njia nzima.

Saa 11:50 mshereheshaji alituita mstarini. Saa 12:05 alitangaza kwamba mgeni rasmi yuko njiani, akatuomba tupashe misuli kidogo. Tukapasha. Saa 12:25 akaongeza muziki, akatuomba tupashe tena. Wakati huo waliokuwa wamekunywa maji yao ya mwisho wakiamini kwamba wangekuwa barabarani walianza kutoka mstarini kwenda kupanga foleni kwenye vyoo viwili, na waliokula ndizi saa 10:30 alfajiri wakaanza kusikia njaa upya. Jua likachomoza, likapanda juu ya minazi, likatukuta tumesimama palepale. Msafara wa mgeni rasmi uliingia saa 12:58. Zikafuata salamu, utambulisho wa meza kuu, hotuba fupi ya mdhamini, hotuba isiyo fupi ya mwenyekiti, na picha ya pamoja. Bendera ikashushwa saa 1:12.

Mtu anaweza kusema kwamba shughuli zetu huchelewa na hakuna jipya hapo. Harusi huchelewa, mikutano huchelewa, na hakuna anayeanguka kwa joto. Lakini mbio za barabarani zimefungwa kwenye saa za watu wengine ambao hawapo uwanjani: askari wa usalama barabarani aliyefunga njia, skauti aliyewekwa kwenye njia panda, kijana wa meza ya maji, na jua lenyewe. Waandaaji waliusogeza mwanzo mbele kwa dakika 72 bila kusogeza kitu kingine chochote.

Tuanze na huko kuondoka kwa pamoja. Waandaaji wa mbio zenye masafa tofauti huyaachanisha kwa nusu saa au zaidi ili wa mbali watangulie na barabara ipumue. Kwa kuwa mgeni rasmi alitakiwa kushusha bendera mara moja tu na kuwahi shughuli nyingine, kamati iliamua papo hapo kutuachia wote. Kilomita mbili na nusu za kwanza, ambako wa kilomita 5 walikuwa hawajageuza, sikukimbia, nilipenya. Mbele yangu kulikuwa na familia zilizoshikana mikono, wafanyakazi wa ofisi moja waliovaa fulana zinazofanana wakitembea kwa mstari wa watu sita, na kijana aliyekuwa anarudi kinyumenyume huku ameinua simu ili ajipige picha na umati. Siwalaumu hata kidogo. Wao walikuja kutembea kilomita 5 na ndicho walichokuwa wanafanya.

Madhara halisi yalikuja kwenye maji. Meza ya kilomita ya 5 ilikuwa pia ndiyo mahali pa kugeuzia wa kilomita 10. Kwa mpango wa awali, sisi wa 21 tungepita hapo kabla wenzetu wa 10 hawajafika. Badala yake tulifika pamoja, na vijana watatu waliokuwa nyuma ya meza wakazidiwa ndani ya dakika chache, wakaacha kugawa na kuruhusu kila mtu ajichukulie mwenyewe kwenye katoni. Isitoshe, maji yalikuwa kwenye chupa za nusu lita. Mkimbiaji akipewa chupa ya nusu lita hupiga mafunda matatu, hujimwagia kidogo kichwani, na kutupa iliyobaki, kwa sababu hakuna anayetaka kukimbia amebeba uzito huo mkononi. Nilipopita, chini palikuwa pametapakaa chupa zilizojaa nusu na nyingine karibu nzima, tukizikanyaga na kuteleza juu yake. Ndoo, jagi na vikombe vya karatasi vingewatosha watu mara tatu ya wale kwa maji yaleyale, lakini nembo ya mdhamini ilikuwa kwenye chupa, na nadhani hiyo ndiyo sababu.

Meza ya kilomita ya 8 ilikuwa na maji, ya uvuguvugu, lakini yalikuwepo. Meza ya kilomita ya 12 ilikuwa na katoni tupu na msichana mmoja aliyesema, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuomba radhi mara nyingi, kwamba gari la maji limechukuliwa kupeleka chupa za kilomita ya 5. Meza ya kilomita ya 16 sikuiona kabisa. Niliona mahali ilipokuwa: miguu minne ya meza ilikuwa imeacha alama kwenye mchanga.

Hapo katikati kuna jambo la njia, nalo nitalieleza taratibu kwa kuwa ndilo lililonifungua macho. Njia ya kilomita 21 ilizunguka ndani ya mashamba ya mikorosho, kisha ikarudi barabara kuu, na kwenye kilomita ya 14 ilitakiwa kukata kushoto kufuata barabara ya zamani ya pwani. Nilifika kwenye njia panda hiyo saa 2:38. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na kibao, na chokaa waliyochora mshale ilikuwa imefutwa na matairi. Mbele yangu wakimbiaji wawili walikuwa wamenyoosha, nami nikawafuata. Tulishuka mpaka kwenye mnada wa samaki, na mnada ulikuwa umechangamka. Mzee mmoja aliyekuwa anapanga vibua kwenye ungo alituangalia tulivyosimama tukigeuka huku na huku, akasema, “Mmepotea nyinyi. Wenzenu wamepita juu kule.” Tulikuwa tumekwenda mita 600, na ilitubidi turudi mita 600 nyingine za mlima. Baadaye nilijifariji kwa kumkumbuka Len Taunyane, Mtswana wa Afrika Kusini aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904, akafukuzwa na mbwa hadi nje ya njia, na bado akamaliza wa tisa.

Tuliporudi njia panda nilimwona skauti. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, bendera yake nyekundu ameikunja vizuri na kuiweka mapajani, anakula chapati. Aliposikia tunamwita alisimama mara moja, akaamkia, “Shikamooni,” na wala hakuonekana kama mtu aliyekamatwa katika kosa. “Tuliambiwa tukae mpaka saa mbili na nusu,” alisema. Nilimwitikia na kumwambia aendelee na chai yake. Alikuwa ametekeleza alichoagizwa, na pengine ndiye mtu pekee siku ile aliyekuwa ndani ya muda.

Ni maneno yake hayo yaliyonifanya nitazame saa yangu upya. Saa 2:30 ndipo skauti waliporuhusiwa kuondoka. Saa 2:30 ndipo barabara kuu ilipofunguliwa: nilikuwa nimekaribia kilomita ya 13 nilipoanza kusikia honi nyuma yangu, kisha daladala ya kwanza ikanipita kwa karibu kiasi kwamba konda aliweza kunigusa bega na kuniambia, “Kaza, bro!” Saa 2:30, kama nilivyokuja kuelewa, ndipo pia vijana wa meza za mwisho walipoambiwa wakusanye vitu. Hesabu ni rahisi: aliyeondoka saa 12:00 ana saa mbili na nusu, muda unaomtosha mkimbiaji wa kawaida, lakini aliyeondoka saa 1:12 ana saa moja na dakika 18, muda ambao hata wengi wa wanaoitwa wakimbiaji wazuri katika mji ule wasingeweza kumaliza nao kilomita 21.

Kwenye kilomita ya 17 nilisimama mbele ya duka la bati. Mdomo ulikuwa umekauka, vidole vilikuwa vimevimba, na nilikuwa nimeacha kutokwa na jasho kwa namna niliyoizoea, dalili ambayo mtu anayekimbia pwani hapaswi kuipuuza. “Mama, shikamoo. Naomba maji, lakini sina hela, nitakutumia nikifika.” Alinipa chupa kubwa kabla sijamaliza sentensi. “Marahaba, mwanangu. Kunywa kwanza.” Kisha akanitajia namba yake ya simu, na kwa kuwa sikuwa na kalamu wala simu, nilikimbia kilomita zote zilizobaki nikiirudia kwa sauti, tarakimu tatu tatu, mpaka mtoto mmoja njiani akaanza kuirudia pamoja nami.

Mwenzetu mmoja hakuwa na bahati hiyo. Kwenye kilomita ya 18 alianza kuyumba, akakaa chini ya mwembe, akaacha kujibu maswali vizuri. Kanuni inayofundishwa kwa wanaohudumia wakimbiaji walioathiriwa na joto ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye: kivuli, maji ya kumwagiwa mwilini, barafu ikiwepo, hapo hapo alipoangukia. Waliomhudumia ni wanawake wawili waliokuwa wanafua jirani, waliomwagia maji ya ndoo zao za kufulia, na bodaboda aliyempeleka zahanati bila kudai nauli. Alipona siku hiyo hiyo. Gari la wagonjwa lilikuwepo, moja. Nililiona nilipomaliza, limeegeshwa nyuma ya jukwaa la mgeni rasmi, na dereva alisema hakuna aliyempigia.

Nilivuka mstari saa 3:40, saa mbili na dakika 28 tangu bendera, saa yangu ya GPS ikisoma kilomita 22.8. Ukitoa 1.2 za mnada wa samaki zinabaki 21.6, na ndizo walizosoma pia wenzangu ambao hawakupotea. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Saa ya mkononi huzidisha kidogo, kwa kuwa hakuna mtu anayekata kila kona kwa ndani, na mita 100 au 200 za ziada ni za kawaida. Nusu kilomita si ya kawaida. Niliuliza njia ilipimwaje, nikaambiwa kwa gari la mjumbe mmoja, kwa kusoma dashibodi. Njia inayokubalika kimataifa hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio kwenye gurudumu la mbele, baada ya baiskeli hiyo kulinganishwa na kipande cha barabara ambacho urefu wake unajulikana kwa uhakika, na mpimaji hufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Juu ya hapo huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa pungufu. Hata wenye uwezo hukosea: njia ya marathoni ya Manchester, Uingereza, ilikuja kugundulika kuwa pungufu kwa mita 380 kwa miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015, na maelfu ya watu wakaambiwa kwamba muda wao hautambuliki. Lakini wao walikosea wakiwa wamepima. Sisi tulikisia.

Medali zilikuwa zimekwisha. Zilitolewa kwa kila aliyevuka utepe, pamoja na wa kilomita 5 ambao tangazo lilisema watapewa vyeti tu, kwa sababu waligeuza mapema, wakafika wakati mgeni rasmi bado yupo na kamera zinafanya kazi. Puto la lango lilikuwa linatolewa upepo nilipopita chini yake, na nililazimika kuinama kidogo. Kijana mmoja aliandika jina langu kwenye daftari na kusema nitapigiwa.

Wiki moja baadaye nilikwenda kumwona mzee mmoja wa kamati, mtu niliyemfahamu na ninayemheshimu, nikiwa nimejiandaa kusikia lawama akitupiwa mgeni rasmi. Nilimwamkia, akaniitikia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili na kunipa nakala ya barua. “Mgeni hakuchelewa, mwanangu. Soma mwenyewe.” Barua ya mwaliko ilimtaka mgeni rasmi afike saa 1:00 asubuhi. Alikuwa amefika dakika mbili kabla.

Kwa maelezo ya mzee, ofisi ya mgeni ilisema mapema kabisa kwamba kiongozi hawezi kufika uwanjani gizani, na kamati ikaona hakuna shida, kwani angefika na kuwaachia wa kilomita 5. Kisha mdhamini akataka picha ya mgeni akiwaachia wa kilomita 21, kwa kuwa hizo ndizo mbio zilizobeba jina la kampuni. Aliyezungumza na mdhamini akakubali. Aliyeandikia wakimbiaji hakuambiwa. Aliyekwenda polisi kuomba kibali alikuwa amekwenda mwezi mmoja kabla, na ratiba ya zamani mkononi. Hivyo asubuhi ile kulikuwa na ratiba tatu, kila moja halali, kila moja ikifuatwa kwa uaminifu na watu walioishika, na hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuziweka mezani zote tatu kwa pamoja.

Nilimuuliza kwa nini, ilipofika saa 12:10 na kunapambazuka, hakuna aliyesema wa kilomita 21 waende, na mgeni awakute wa kilomita 5. Alinyamaza kidogo, akasema, “Nani aseme?” Nadhani hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyopata. Tarehe 7 Oktoba 2007, katika marathoni ya Chicago, joto lilifika nyuzi 31 za Selsiasi na malalamiko ya uhaba wa maji yakaanza kwenye vituo vya mwanzo. Mbele, Mkenya Patrick Ivuti alishinda kwa sehemu 5 za mia za sekunde dhidi ya Mmoroko Jaouad Gharib. Nyuma, baada ya saa tatu na nusu hivi, waandaaji waliwasimamisha maelfu waliokuwa bado njiani. Walilaumiwa sana, mtu mmoja alikuwa amefariki, na wengine wanasema walichelewa kuamua. Lakini palikuwepo mtu mwenye mamlaka ya kusema basi, na siku hizi mbio hizo hutumia bendera za rangi njiani kuwaonya wakimbiaji kadiri hali inavyobadilika. Kwetu uwanja ulijaa viongozi, na mkurugenzi wa mbio, mtu ambaye saa ingekuwa yake peke yake, hakuwepo. Jina hilo la cheo lilikuwa limechapishwa kwenye kipeperushi, lakini aliyelibeba alikuwa anagawa viti vya meza kuu.

Mama wa dukani nilimtumia 2,000 jioni ileile. Alinirudishia 500 kwa simu na ujumbe kwamba chupa ile ni 1,500. Medali ililetwa stendi kwa basi wiki ya tano, imeandikwa KM 10.

Mwezi uliopita kundi la WhatsApp lilifufuka. Tangazo jipya limetoka, lenye rangi nzuri na nembo ya mdhamini mpya, likisema kwamba mwaka huu wa kilomita 21 wataondoka saa 12:00 kamili asubuhi. Niliandika chini yake swali moja tu, kwa heshima: barua ya mgeni rasmi imeandikwa saa ngapi? Alama mbili za bluu zimekaa pale kwa siku kumi na moja.